Sanduku Kwetu, Sahani kwa Papa Benedi

Kabla wimbo haujaanza, sahani ya santuri ilikaanga kwanza. Sindano iliposhuka juu yake ilitoa mlio kama wa vitunguu vinavyoingia kwenye mafuta ya moto, na watu wote barazani wakanyamaza, hata wale waliokuwa wakibishania vifungo. Mlio ule ndio utoto wangu. Nikiusikia leo ndani ya sufuria yangu mwenyewe, pua yangu hunusa vitu ambavyo havimo kabisa jikoni: kitenge kipya ambacho hakijaguswa na maji, mafuta ya cherehani, tumbaku iliyokaushwa Pajulu ikipita barabarani juu ya lori, na kahawa ya tangawizi ambayo mama yangu aliipika tangu alfajiri. Halafu gitaa linaingia, kali, lenye kukwaruza, na mimi nina miaka kumi tena, nimekaa juu ya kifurushi cha vitambaa mjini Arua, nasubiri wakubwa waanze kugombana.

Baraza hilo lilikuwa na wenyewe wawili. Upande wa kulia alikaa baba yangu, Fundi Ramadhani, Mnubi wa Koboko, mjukuu wa askari aliyeletwa huku kutoka Sudani na asiyepata nauli ya kurudi. Baba hakurithi bunduki, alirithi ubishi. Alikuwa na cherehani moja ya miguu na mkasi ambao hakuna mtoto aliyeruhusiwa hata kuutazama sana. Upande wa kushoto alikaa Papa Benedi, Mkongo wa Aru, ng'ambo ya mpaka, mtu mnene wa kucheka kwa tumbo, aliyeuza vitenge na kwenda misa Ediofe kila Jumapili amevaa vitenge vyake mwenyewe ili waumini wapate la kufikiria wakati wa mahubiri. Mwanamke alinunua kitambaa kushoto, akapiga hatua chache, akapimwa kulia. Kidole kimoja hakivunji chawa, na wazee wale wawili walilijua hilo vizuri, ingawa kila mmoja aliamini kwamba kidole chenye kazi ni chake.

Hata muziki waliumiliki hivyo hivyo, nusu kwa nusu. Baba alikuwa na gramafoni, sanduku la bluu la kutumia betri alilopewa na binamu yake wa Koboko. Papa Benedi alikuwa na sahani, maana ndugu zake walizileta kutoka Bunia zimefungwa katikati ya vitenge zisivunjike. Sanduku lililala kwetu, sahani zililala kwao, na nyumba zetu zilitenganishwa na ua wa matete wenye tundu ambalo mimi na Maria, binti yake, tulilipanua kidogo kidogo hadi likawa mlango. Ijumaa mama aliziweka betri juu ya bati zipigwe na jua zipate nguvu. Jumamosi mchana sanduku na sahani vilikutana barazani, na nusu ya mtaa ikakutana navyo.

Katika sahani zote, mfalme alikuwa mmoja. Kulikuwa na bendi ya Kongo iliyoitwa Orkestra Radi, vijana wa nywele ndefu waliochukua rumba ya baba zao, wakaitia umeme na makelele ya roki, na kwa miaka ile hapakuwa na redio, kinyozi wala harusi kuanzia Aru hadi Koboko isiyowajua. Nyimbo zao mbili kubwa zilikuwa mgongo kwa mgongo kwenye sahani moja. Upande huu kulikuwa na “Vumbi ya Barabara,” wimbo wa haraka wa kijana anayeondoka kwao bila kugeuka nyuma. Upande wa pili kulikuwa na “Usifunge Mulango,” wimbo wa polepole wa mama anayewaambia walio nyumbani waache mlango wazi, kwa sababu hajui ni nani atakayefika. Ukitaka kuusikia mmoja, lazima uulaze mwingine kifudifudi. Swali lililowala wazee wetu ni hili: kati ya hizo mbili, ni upi ulioitikisa dunia? Si upi mtamu. Utamu ni wa mdomo wa kila mtu. Upi uliowabadilisha watu?

Baba alikuwa wa Vumbi, na ushahidi wake ulikuwa miguuni mwa watu. “Mimi nasema, angalia suruali tu,” alikuwa akisema, huku akinyoosha mkasi kuelekea barabarani. “Kabla ya Vumbi, nani alikuwa na suruali pana namna hii? Sasa mimi nakata hii moja tu, asubuhi mpaka jioni.” Tena aliwataja vijana wa Onduparaka, ambao hawakuingia uwanjani kucheza mpira bila kuuimba kwanza, na watoto waliotengeneza magitaa kwa madebe ya mafuta. Papa Benedi alimwacha amalize, akafuta jasho, akajibu taratibu kama padri, akimwita kwa jina la dada yangu kama ilivyo desturi: “Suruali inapasuka, Baba Rehema. Mulango inabakia.” Kisha alivuta kutoka rafuni kitenge chenye maua ya mraba mfano wa fremu. Desturi ya wauza vitenge wa kwao ni kukipa kila kitambaa jina, na jina likikamata, kitambaa hutembea chenyewe. Hicho alikiita Mulango, na wanawake walikuwa wakikiomba kwa jina hilo mpaka vijijini Pajulu, hata wale ambao hawajawahi kuuona mlango wenye fremu. “Suruali ni ya kijana mumoja mumoja,” alisema. “Hii inavaa mama, na mama ndiye nyumba.”

Hoja hizo tulizijua kwa moyo. Mimi na Maria tuliziigiza nyuma ya ua, mimi nikiwa Baba na yeye Papa, kisha tukibadilishana zamu na kanga ya kutengenezea tumbo. Hakuna aliyeshinda, na hakuna aliyetaka mtu ashinde, kwa sababu siku mtu atakaposhinda Jumamosi itakuwa na kazi gani?

Ulimi hauna mfupa. Jumamosi moja ya kiangazi, mimi nikiwa na miaka kumi, wiki chache kabla ya harusi ya dada yangu Rehema, baraza lilijaa kuliko kawaida na joto lilikuwa la kukera. Baba alikuwa amebanwa kwenye hoja na watu walikuwa wamemcheka. Akatafuta jiwe la kurusha, akalipata. “Nyinyi watu ya Kongo munajua kiuno tu,” alisema. “Kichwa hapana.” Watu wakacheka tena, safari hii wakimtazama Papa Benedi. Naye, bila kuinua sauti, akasema, “Afazali kiuno. Nyinyi munajua buti na ngoma ya askari, basi.”

Sijui nielezeje uzito wa jibu hilo kwa mtu ambaye hakuwapo miaka ile nchi yetu ilipotawaliwa na jeshi. Neno askari halikuwa neno la mzaha. Lilitamkwa kwa kutazama nyuma ya bega, na kama uliyelitamka ni mgeni wa nchi nyingine, hukupaswa kulitamka kabisa, hasa mbele ya Wanubi, ambao watu waliamini, mara kwa haki na mara kwa uonevu, kwamba kila mmoja wetu ana mjomba kambini. Barazani mtu mmoja alikumbuka ameacha mbuzi kwenye kamba. Mwingine alikumbuka dawa ya mtoto. Baba aliinua mkono wa gramafoni, akaitoa sahani na kuiweka juu ya vitenge vya Papa Benedi, akalifunga sanduku, akalibeba nyumbani. Lilikuwa bado na joto la betri nilipofungua mlango kumpisha.

Basi tukaingia katika upumbavu ambao nadhani hakuna mtaa mwingine uliowahi kuujaribu. Nyumba moja ilikuwa na gramafoni isiyo na sahani, nyumba ya pili ilikuwa na sahani zisizo na gramafoni, na wote wawili wakajifanya kwamba hawapendi muziki. Baba aliweka sanduku juu ya kabati. Mama, ambaye hakuwahi kusema mambo moja kwa moja kama kulikuwa na njia ya kuyazunguka, alilifunika kwa kawa lake zuri la rangi, lile alilosuka mwenyewe kwa kufunikia chakula cha wageni, na kila tulipokaa kula alilitazama na kuguna kama vile ndani mna mchuzi unaochacha. Barazani cherehani ililia upande mmoja na mkasi wa vitenge upande wa pili, na wateja wakapita katikati wakitembea kwa adabu ya matanga. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na nyasi tulikuwa mimi na Maria, kwa sababu mtu alikuwa ameliziba tundu letu kwa matete mapya.

Maria aliniambia kupitia matete hayo. Nilimwona jicho moja tu na kipande cha pua. “Papa anasema tutarudia Aru,” alisema. “Kisha ya mwezi kuisha. Anasema askari wanaweza kukuja.” Nikamwambia baba yangu hawezi kumwita askari, hata kuku akiibwa hamwiti. “Mimi najua,” akasema Maria. “Papa pia anajua. Lakini usiku hapana lala.” Nilimchukia baba yangu jioni ile kwa chuki safi ya mtoto, na nilimhurumia pia, kwa sababu alikuwa hali vizuri. Sasa ninaelewa kilichomzuia. Ili amwambie rafiki yake asiogope, ingebidi alitaje lile neno, na kulitaja kungekuwa kukiri kwamba lilisikika. Wanaume wawili waliokaa umbali wa kuazimana kiberiti walikuwa wanangojana, na upande wa pili wa ua marobota ya vitenge yalikuwa yanafungwa kwa kamba, moja baada ya jingine.

Aliyetuokoa ni bibi yangu mzaa baba. Sisi tulimwita Haboba, kama Wanubi wote wamwitavyo nyanya, na alikaa Koboko katika nyumba ambamo bibi harusi yeyote wa ukoo wetu ilibidi atokee. Haboba ndiye aliyeongoza doluka, ngoma ya wanawake wetu. Mtu asiyeijua doluka hudhani ni kucheza tu. Doluka ni mahakama. Wanawake hutunga nyimbo juu ya fulani na fulani, huwaimba waziwazi kwa majina yao mbele ya ukumbi mzima, na aliyeimbwa hana ruhusa ya kukasirika. Akikasirika, beti zinaongezeka. Nilimwona mama akimpa dereva wa lori la tumbaku maneno ya kumpelekea Haboba, akiyarudia mara mbili asije akayapunguza njiani. Baada ya siku chache majibu yakaja kwa njia ileile. Kwa baba: usifike harusini bila sanduku lako. Kwa Papa Benedi, kwa mlango wa nyuma: mama yako wa Koboko anakuita, njoo na sahani zako zote. Hapana mtu mwenye heshima zake angeweza kukataa mwito wa mwanamke mzee siku ya harusi ya mjukuu wake. Wote wawili wakaitikia, baba asijue kwamba Papa Benedi ameitwa, wala Papa asijue kwamba sanduku nalo limeitwa.

Tulifika Koboko tumegeuka rangi ya barabara. Uani palikuwa na harufu ya udi, ya hina mbichi na ya kisra, mikate myembamba kama karatasi, ikigeuzwa juu ya kikaango. Rehema alikuwa ndani, amefunikwa, analia kilio cha desturi na kuuliza katikati ya machozi kama chakula kitatosha. Alasiri, wanawake walipokwisha kupasha moto ngozi za ngoma, nikamwona Papa Benedi akiingia na mkewe na Maria, ameshika kasha la sahani kifuani kama mtu aliyebeba mayai. Alimwona baba. Baba alimwona. Kila mmoja akatafuta mkeka ulio mbali zaidi na mwenzake, lakini Haboba alikuwa amekwisha kuwapangia: stuli mbili, ubavu kwa ubavu, katikati ya ua, na mbele yake meza ndogo tupu. Walipokwisha kukaa, ngoma ikaanza, na Haboba akaimba kwa Kinubi maneno ambayo kwa Kiswahili ni haya:

Mmoja ana chungu, mwenziwe ana mboga,
wamelala na njaa wote wawili.
Waulizeni wanaume hawa wenye akili:
chungu kinapika nini, mboga inaiva wapi?

Wanawake wakapokea, wakazunguka stuli zile wakipiga vigelegele, na kila mzunguko ukaleta ubeti mpya: wa suruali pana inayofagia barabara, wa mlango mzuri ambao mwenyewe amejifungia ndani. Papa Benedi alianza kutikisika tumbo. Baba alikaza uso mpaka masharubu yakatetemeka, akashindwa. Haboba akanyamazisha ngoma kwa kuinua kidole.

“Mimi naita mutu na sanduku yake, mutu na sahani yake,” alisema kwa Kiswahili, ili mgeni asikie. “Sasa mimi nataka kusikia hii kitu inaleta kelele Arua.”

Baba akaweka sanduku juu ya meza. Papa Benedi akatoa sahani, akaifuta kwa mkono wa shati lake. Lakini kabla sindano haijashuka, aliinamisha kichwa, akasema kwa sauti ya chini, mimi nikiwa karibu kwa sababu nilikuwa nimejipenyeza kumfuata Maria: “Baba Rehema, ile siku, ile maneno ya askari…” Baba alikuwa anashughulika na betri, au alijifanya. “Maneno gani?” aliuliza. “Ile siku cherehani ilikuwa napiga kelele sana, ndugu yangu. Mimi hapana sikia kitu. Hata mutu moja hapana sikia.” Cherehani haikuwa imelia siku ile, Jumamosi haikulia kamwe, na wote tulijua. Papa Benedi akavuta pumzi kama mtu aliyeteremshiwa gunia mgongoni, akasema, “Na mimi kiuno yangu hapana sikia kitu,” na baba akacheka hadi akainama juu ya sanduku. Marobota yalifunguliwa wiki iliyofuata. Tundu la ua tulilifungua sisi wenyewe.

Haboba alisikiliza pande zote mbili za sahani, akiwa amefumba macho na mkono juu ya ngozi ya ngoma. Walipomwuliza hukumu, alipiga mdundo wa Vumbi, akaupunguza mwendo, ukawa mdundo wa Mulango. “Hii iko ngoma moja,” alisema. “Na iko yetu. Mama yangu alikuwa napiga hii. Hao watoto ya Kongo waliiba.” Papa Benedi alipinga kwamba haiwezekani, baba akapinga pia, na kwa mara ya kwanza wazee wale wakasimama upande mmoja wa hoja. Haboba aliwaacha wabishe, akaenda kula.

Ningeweza kuishia hapo, lakini swali lao lilikuwa halijajibiwa. Lilijibiwa mwaka 1979, vita vilipokaribia kwetu na watu wa mji wakaanza kuvuka mpaka na magodoro vichwani. Papa Benedi na watu wa nyumba yake walikuwa wametangulia. Sisi tulitoka nyuma yao, pamoja na Haboba aliyeletwa kutoka Koboko, na baba akiwa amebeba kichwa cha cherehani, nami nimebeba lile sanduku la bluu likiwa limefungwa ndani ya kitenge cha Mulango. Tuliingia Aru alasiri tukiwa wengi mno na wachafu mno, na dada mkubwa wa Papa Benedi, ambaye hatukuwa tumewahi kumwona, alitutazama, akatuhesabu kwa macho, akaona vitanda havitatosha. Aliita vijana, wakaung'oa mlango wa mbele kwenye bawaba zake, wakauweka juu ya matofali, akatandika mkeka, akamlaza Haboba juu yake. Miezi yote tuliyokaa kwake, nyumba ile haikuwa na mlango.

Siku ya kwanza ile, baba alisimama akitazama lile pengo ukutani, upepo ukiingia na kutoka unavyotaka. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, lakini baba hakuwa mtu wa kutoa methali mahali palipohitaji hoja. “Papa,” alisema, “wimbo yako imeshinda.” Papa Benedi alitazama miguu yetu, myekundu mpaka magotini. “Hapana, ndugu,” akajibu. “Bila vumbi ya barabara, mulango inafungulia nani?” Na tangu siku hiyo mpaka wote wawili walipokwenda kupumzika, walibishana kinyumenyume, baba akiutetea Mulango na Papa akiitetea Vumbi, kwa ukali uleule.

Wajukuu wangu leo wana sanduku na sahani ndani ya simu moja, na kila mmoja anasikiliza peke yake, masikio yamezibwa. Siwalaumu. Wana nyimbo nyingi kuliko tulizoziota, wanazijua bendi za nchi ambazo sisi tulizijua kwa stempu tu, na mpaka wa Kongo wanauvuka kwenda kucheza mpira na kurudi kabla ya chakula. Dunia yao ina hofu ndogo kuliko yetu, na kwa hilo nashukuru kila siku. Ila nawaona hawana sababu ya kumhitaji jirani, na hilo huniuma kidogo.

Sanduku la bluu liko kwangu, Arua. Sahani iko kwa Maria, Aru, imekwaruzika lakini inaimba. Mwaka jana mjukuu wangu, mtoto mwenye akili nzuri na haraka, aliuliza kwa nini vitu hivyo viwili visikae nyumba moja, atusaidie kuvihamisha. Mimi na Maria tulitazamana, bibi wawili wenye meno ya kuhesabika, tukamkatalia kwa pamoja. Betri ziko juu ya bati tangu asubuhi. Jumamosi hii ni zamu ya Maria kuja.